Fundi Aliyeamini Waya Wake

Sijamsamehe Fundi, na siandiki haya ili nianze kumsamehe. Nasema mapema, msije mkadhani nitamlainisha huko mbele. Ndiye aliyefunga stima katika nyumba nyingi za zamani za mtaa wetu wa Bondeni, hapa Nakuru. Ndiye fundi bora kuliko wote niliowahi kuwaona kwa macho yangu. Na ndiye, si mwingine, aliyekaribia kumuua mama yangu mzazi akiwa anatawadha. Yote matatu ni kweli, na kinachonitia hasira ni kwamba siwezi kulifuta hata moja.

Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu hakuna aliyelitumia. Wazee walimwita Fundi, watoto walimwita Fundi, na hata mchungaji wake nilimsikia akimwita Fundi. Alikuwa mrefu, mkavu, meno ya kahawia kama sisi wote tuliolelewa na maji ya hapa, na koti la bluu lenye mifuko iliyojaa misumari na vipande vya waya mpaka likawa linalia akitembea. Mdomo wake ulikuwa mkali. Simaanishi matusi, matusi hakuwa nayo. Alikuwa na ule ukali wa kukuambia jambo unalolijua tayari, tena mbele ya wageni wako.

Kitu alichokichukia kuliko vyote duniani ni ekstensheni, ule waya mrefu wenye soketi nne mwishoni ambao kila nyumba ya hapa inao chini ya kochi. Kwa jirani yetu mmoja aliitwa kutengeneza kengele ya mlango. Akaona ekstensheni moja imebeba friji, televisheni, pasi na mashine ya bisi ya biashara. Hakuuliza. Alizima swichi kuu, akatoa koleo, akaikata ile ekstensheni vipande vitatu, akavitia mfukoni. Mwenye nyumba alimpigia kelele kuwa ni mwizi na mharibifu wa mali. Fundi akaendelea na kengele. Alipomaliza akamwambia aende polisi akaseme ameibiwa moto wa kuchoma wanawe. Jirani hakwenda polisi, lakini aliapa hatamwita tena, na baada ya mwezi alimwita.

Hakushika waya kabla hujamsimulia siku yako. Hiyo ilikuwa kanuni. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akadai chakula kwanza, akakilalamikia, akakimaliza, kisha akasema, haya, nipe siku yako. Nani anaamka wa kwanza. Anawasha nini. Nguo zinapigwa pasi lini, na huyo anayeoga maji moto anaoga wakati chai iko kwenye jagi la stima au baadaye. Watu walidhani ni umbea. Walimdanganya, hasa wanaume, wakisema pasi hutumika Jumapili tu. Yeye aliwatazama wake zao, akajua. Alikuwa anatafuta ile saa moja ambayo vitu vyote vya nyumba vinakutana kwenye waya mmoja. Akiipata anachukua chaki na kuchora ukutani njia ya kila waya, kwa ukubwa wake kamili, kutoka kwa mita mpaka kwenye soketi ya mwisho. Mama alikuwa akisugua chaki hizo wiki nzima baada yake, akinung'unika kuwa huyu mtu anafikiri ukuta wa watu ni ubao wa shule.

Halafu nenda kwake uone. Nilikwenda siku moja kumwita, nikamkuta kwenye chumba chake cha kupanga huko Kaptembwo anasikiliza habari. Wallahi, redio yake haikuwa na plagi. Nyaya mbili uchi zilikuwa zimesukumwa kwenye soketi, zimekazwa na njiti za kiberiti. Balbu ilining'inia imefungwa na kitambaa. Nilisimama mlangoni nikizitazama zile njiti. Yeye aliona ninachotazama, akajibu bila aibu hata kidogo kwamba hapo wa kufa ni yeye peke yake. Nilicheka. Leo nikikumbuka sioni cha kuchekesha. Mtu anayejiwekea sheria moja na wenzake nyingine ana kitu ndani yake kimekaa vibaya, na sisi tulipaswa kukiona.

Wema alikuwa nao, sitamnyima. Ramadhani akifanya kazi nyumba za Waislamu hakuonja hata maji, ingawa alikuwa Mkristo wa kanisa la ngoma na kanzu nyeupe. Mama alimbembeleza ale, maana si saumu yake. Alikataa kata kata. Alisema hawezi kutafuna mbele ya watu wenye njaa, na saa saba akateremka kwenye ngazi kwa kuwa mtu mwenye njaa, alisema, mikono yake hudanganya. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisani huko juu ya dari, sauti ya mkwaruzo, na Mama akiwa chini na tasbihi yake alikuwa akimwambia aimbe polepole. Walipatana hivyo kwa miaka.

Na ukatili alikuwa nao pia. Mjane mmoja wa mtaa wa nyuma alinunua waya wa bei rahisi, mwembamba, ili aweke taa mbili za duka. Fundi aliupima kwa kidole, akautupa barabarani, pikipiki zikaukanyaga. Akamwambia yule mama mbele ya wateja wake kuwa amenunua kamba ya kuanikia nguo. Mjane alilia. Waya ulikuwa mbovu kweli, ungeshika moto kweli, lakini kuna njia ya kumwambia mtu. Hakurudi kumtuliza. Hilo nalo liandikwe.

Sasa nije kwa yangu.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la maua upande wa Naivasha, kule unakopitia kwenda Ndabibi, kwenye banda la kuoteshea miche. Walipotupunguza nikarudi nyumbani kwa Mama na ujuzi mmoja tu, wa kufanya kijiti kitoe mizizi. Wakulima wa Mau Narok walikuwa wanalia na mbegu za viazi zenye ugonjwa. Nikajua naweza. Unachukua mche safi wa kiazi, unakata ncha, ncha inatoa mizizi kwenye trei, unaikata tena, na kila ncha ni mche mpya usio na ugonjwa. Banda sikuwa nalo. Nilikuwa na chumba cha nyuma cha nyumba ya marehemu baba, chumba kikubwa kisicho na jua, na nilichohitaji ni taa za kuwaka tangu alfajiri mpaka baada ya isha, feni, na pampu ndogo ya maji. Mama mmoja mkulima wa Mau Narok aliniambia nikiwa na miche kabla ya mvua ya masika, ananunua yote. Nilikuwa nimepata njia ya kula.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya zamani, mabati juu, dari ya mbao iliyokauka. Nyaya zake ni zile za mpira mweusi, na mpira huo ukiushika unapukutika kama ganda la mkate wa juzi. Hata mimi nilijua huwezi kuleta maji na taa kumi na mbili kwenye nyumba kama hiyo kienyeji. Kwa hiyo nikamwita Fundi. Nilifanya jambo la busara. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu wapo walioniambia baadaye eti nilitafuta makubwa.

Alikuja, akala, akalalamikia chumvi. Kisha akataka siku, lakini si yangu. Aliuliza wapangaji wangu wapya wanaamka saa ngapi, yaani miche. Wanalala lini, wanaoga mara ngapi, jasho lao linakwenda wapi. Nilimjibu yote, naye akasikiliza kwa makini ambayo sijawahi kupewa na mwanamume yeyote, sembuse meneja wa shamba. Aliporidhika akaingia chumbani na chaki.

Mpango wake ulikuwa mzuri, na ninaukumbuka wote. Nyaya za zamani zisiguswe kabisa na taa zangu. Laini mpya, nene, itoke moja kwa moja kwenye boksi la mita mpaka chumba cha nyuma, ipite ndani ya paipu ukutani, isipite juu ya mbao. Iwe na swichi yake ya kujikata, ile inayohisi stima ikivuja hata kidogo na kujizima kabla moyo wa mtu haujasimama. Nilimwambia swichi hiyo ni ghali. Akaniambia nikanunue jeneza kwanza nilinganishe. Soketi zikae juu ya kifua, pampu ikae chini ya soketi, kamwe isiwe kinyume. Taa zining'inie kwa mnyororo, zisining'inie kwa waya wake. Na kila waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye soketi, ili tone la maji likitambaa juu yake lidondokee sakafuni, lisiingie ndani. Nilipotaka kuweka rafu za mbao nilizokuwa nazo alinikatalia, akasema mbao hunywa maji na kuyaficha. Nikanunua za chuma.

Alimaliza kazi kwa siku nne. Kila kitu alichofunga mtu mwingine alikikagua kama askari wa forodha. Alifungua boksi, akanusa, akakwaruza, akalaani mafundi waliokwisha kufa. Nikamuuliza kuhusu ardhi, maana shambani tulifundishwa hilo. Waya wa ardhi ni ule wa kijani unaofungwa kwenye kila kitu cha chuma, ili stima ikipotea njia ipate pa kwenda, izame udongoni badala ya kupita kwa mtu. Nilimuuliza hivi: ardhi yetu iko sawa?

"Ardhi iko," akasema. "Niliweka mimi."

Hakuenda kuiangalia. Mtu aliyenusa kila skurubu ya wenzake hakutembea hatua ishirini kwenda kuangalia kazi yake mwenyewe ya zamani. Nami, kwa kuwa ni Fundi aliyesema, nikanyamaza.

Wiki za kwanza zilikuwa raha tupu. Chumba cha nyuma kilimeremeta, miche ikatoa mizizi myeupe kama nywele za mtoto mchanga, na mkulima wangu wa Mau Narok akaja kuiona akaondoka anatabasamu. Mama alikuwa akiingia humo baada ya chai, anakaa kwenye kiti, anasema ni kama bustani ya peponi ila kuna kelele za feni.

Halafu akaanza kusema mfereji wa maji unamng'ata.

Alisema kwa upole, kama asemavyo kila kitu. Nikifungua maji, vidole vinang'atwa. Nikamwambia ni ganzi, mama, ni umri, ni baridi ya asubuhi. Siku ya pili akasema tena. Nikamnunulia dawa ya kuchua. Siku ya tatu hakusema, akawa anafungulia mfereji kwa ncha ya mtandio wake, na mimi nilimwona, na nikadhani ni yale mambo ya wazee. Nilikuwa napanga trei. Mnaona sasa hasira yangu si ya mtu mmoja. Sehemu yake ni ya kwangu mwenyewe na ninaijua, lakini hiyo nitaibeba kivyangu, haimpunguzii Fundi mzigo wake.

Ilikuwa alasiri. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nakata ncha. Mama alikuwa kwenye karo la uani la kunawia, miguu mitupu, simenti imelowa, anatawadha. Taa zote zikazimika mara moja, feni ikapungua mpaka ikanyamaza, na katika kile kimya nikasikia kishindo. Nilimkuta chini, macho wazi, mdomo unatembea bila sauti. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika pale ambapo mkono haukunjiki. Nilimvuta kwa kanga, nikampigia kelele kama vile yeye ndiye aliyekosa. Baadaye, hospitalini, wakimfunga plasta, jambo la kwanza alilosema ni kuwa hakumaliza udhu.

Fundi mwingine nilimtoa mjini, mwanamume wa makamo, mpole, asiyenijua. Alizunguka nyumba kutwa. Kisha akanipeleka getini, akachimba kidogo na kunionyesha. Katika nyumba nyingi za zamani, akasema, waya wa ardhi ulifungwa kwenye paipu ya maji ya chuma, kwa sababu paipu hiyo ilizama udongoni mpaka barabarani, na stima ilizama nayo. Ilikuwa njia ya kawaida na ilifanya kazi. Lakini sisi, miaka kadhaa iliyopita, maji yalipoanza kutoka mekundu kwa kutu, tulichimba mtaro na kutoa paipu ya chuma ya nje, tukaweka ya plastiki. Mtaa mzima tulifanya hivyo. Plastiki haipitishi stima. Ndani ya nyumba chuma kilibaki, na waya wa ardhi umefungwa nacho, lakini hakikuwa tena na udongo wa kuzamia. Taa yangu moja iliingia unyevu, ikavujisha kidogo kwenye rafu ya chuma, rafu ikapeleka kwenye waya wa kijani, waya ukapeleka kwenye paipu, na paipu ikapeleka kwenye kila mfereji wa nyumba. Pale ikangoja mtu wa kushika.

Nilikaa chini kwenye udongo ule. Na yule mpole, akikusanya vifaa vyake, akauliza nani aliweka swichi ya kujikata kwenye laini ya taa. Akasema bila hiyo mama yangu asingeamka. Ilinibidi nimtaje Fundi kwa kinywa changu, na nilimtaja kama mtu anayetema.

Na sikilizeni hili. Fundi aliuona mtaro ule. Siku tunabadilisha paipu, nami niko nyumbani likizo, alipita, akasimama, akamtania fundi wa maji kuwa plastiki ni ya kutengenezea wanasesere. Alicheka nasi pale getini. Waya aliofunga kwa mikono yake ulikuwa unakatiwa udongo mbele ya macho yake, na hakuona, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba kazi yake inaweza kuharibika.

Nikaenda kumtafuta. Alikuwa barazani kwa duka la hadiwea, mahali alipokaa kungoja kazi, katikati ya mafundi wenzake na wapita njia. Nikafurahi kuwa watu ni wengi. Nilimwambia yote kwa sauti niliyokuwa nikitumia shambani kuita watu waliokuwa mwisho wa banda. Nilimwambia kuhusu vidole vya Mama, kuhusu mkono, kuhusu udhu ambao haukuisha. Nilimwambia amewatukana wajane wa Bondeni kwa waya mbovu na kumbe mauti yamo kwenye kazi yake. Hakuna aliyenikatiza. Yeye aliuliza jambo moja tu, kama paipu ilikuwa imebadilishwa nyumba zote za mstari wetu. Nikamjibu kwamba anajua, alisimama kwenye mtaro akacheka. Kisha akainuka, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuniangalia, bila pole, bila chochote. Nikasema kwa sauti aisikie, haya, kimbia.

Hakuja. Wiki ya kwanza hakuja, ya pili hakuja. Yule fundi mpole alichimbia nguzo ya shaba ardhini kando ya nyumba, akaifunga ardhi upya, akabadilisha taa iliyovuja. Siku zile za giza ziliniulia trei nyingi. Niliokoa kiasi, mkulima wa Mau Narok akachukua alichopata, na kwa uungwana wake hakunilaumu. Lakini Mama hakugusa mfereji tena. Alitawadha kwa kopo la plastiki, akichota kwenye pipa la uani kwa mkono wa kushoto. Niligusa mifereji yote mbele yake, kila siku, nikimwonyesha. Alitikisa kichwa, akachukua kopo lake.

Huku habari zikaanza kuja. Fundi ameonekana mtaa wa nyuma anachimba. Fundi amegonga mlango wa watu alfajiri akataka kushika mfereji wao. Fundi amewazimia watu stima bila ruhusa, akatukanwa, akakaa nje ya geti mpaka wamfungulie. Wengine walisema kichwa kimemruka. Mjane wa lile duka alimfukuza kwa ufagio, na kesho yake Fundi akarudi. Nilisikia anauza vyombo vyake vya ndani kununua nguzo za shaba. Sijui kama ni kweli na sikuuliza. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja, mbona kwetu haji. Kila nilipoambiwa ameonekana nyumba nyingine damu ilinichemka upya. Mkono uliovunjika ulikuwa kwetu, si kwao.

Alikuja masika ikiwa imeshaanza, asubuhi ya manyunyu. Nilimkuta amesimama nje ya geti, koti limelowa, amekonda, vidole vina malengelenge ya sululu. Hakubisha hodi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Nilimwacha kwanza anyeshewe huku nikimtazama.

"Umetufanya wa mwisho," nikamwambia.

"Nyinyi mlikuwa mmeshazima stima," akasema. "Hao wengine walikuwa bado wananawa."

Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa wiki nyingi, na yote yaliniishia pale getini, na hilo pia lilinikera. Nikamfungulia.

Hakuenda kwa chumba cha nyuma. Alizunguka nyumba mpaka kwenye nguzo ya shaba ya yule fundi mwingine, akachuchumaa, akakaza kifungio kwa vidole, akasema kazi ni nzuri. Kisha akaenda uani kwenye karo, akatoa mfukoni bisibisi ya kupimia, ile yenye kitaa kidogo kwenye mpini kinachowaka ikigusa stima. Nikangoja apime. Hakupima. Alinyoosha mkono akanipa mimi.

"Usiniamini," akasema. "Hata huyo mwingine usimwamini. Pima mwenyewe, taa zako zote zikiwa zinawaka, na upime kila mwezi."

Nikawasha chumba cha nyuma. Nikapima mfereji wa uani, wa jikoni, wa bafu. Hakikuwaka. Nikarudi nikapima upya, polepole, si kwa kuwa nilikuwa na shaka bali kwa kuwa nilitaka asimame pale akinitazama namshuku. Alisimama. Kitaa hakikuwaka.

Mama alikuwa ametoka, ameegemea mlango wa jikoni, plasta imeshatolewa lakini mkono bado ameukumbatia. Fundi alimwamkia. Mama akaitika vizuri, akamuuliza hali, akamwambia mbona amekonda hivi, baba. Fundi akamweleza, kwa maneno machache, akielekeza kidole kwa nguzo na kwa mfereji, kwamba sasa ni salama, kwamba binti yake amepima kwa mkono wake, kwamba anaweza kutawadha hapa. Nilimsikia mtu yule, aliyewahi kukata ekstensheni za watu bila kuuliza, akimbembeleza mama yangu afungue mfereji.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akaokota kopo lake la plastiki kando ya mlango.

"Mimi nimekuelewa, baba," akamwambia. "Mkono ndio haujaelewa."

Akapita katikati yetu, akaenda kuchota kwenye pipa, kwa kushoto, maji yakimwagikia miguu. Fundi akabaki amesimama kando ya mfereji usio na kosa lolote, na mimi sikumpa kiti.